Mataruma ya Gitaa na Kibao cha Chini ya Daraja



Mazungumzo yangu ya leo yahusu chombo ambacho wengi wenu mmekisikia kikilia, lakini wachache mmepata kuchungulia ndani yake, nacho ni gitaa. Sina nia ya kuwafundisha kulipiga, kwa kuwa vijijini mwenu wamo vijana walijuao kazi hiyo kunishinda mimi. Nataka kueleza jinsi mbao zake zilivyopangwa chini ya ule uso wenye tundu, na kwa nini unene wa kibao kimoja kidogo, kisichozidi sana kiganja cha mtoto, waweza kulifanya gitaa liimbe au liwe bubu. Nasema habari za gitaa la mbao lenye nyuzi za chuma, lisilotumia umeme, ambalo watu wengine huliita gitaa kavu.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja aliniletea gitaa lake, naye karibu kulia. Alikuwa amelirithi kwa marehemu mjomba wake, na ndilo lililokuwa likiongoza nyimbo za wanafunzi wakati wa jioni. Likizo nzima lilikaa ghalani chini ya mabati, nyuzi zimekazwa. Tena zilikuwa nyuzi nene kupita kiasi cha chombo kile. Aliporudi aliukuta uso wake umebonyea mbele ya daraja na kuvimba nyuma yake, na nyuzi zimeinuka hata vidole haviwezi kuzibana. Nami nilijiona fundi. Nilikata kibao cha mninga chenye unene wa milimita 6, nikakigandisha kwa ndani chini ya daraja, nikakibana kwa jiliwa, kisha nikaongeza vijiti viwili vya nguvu kando yake. Uso ulinyooka kama meza. Lakini tulipofunga nyuzi na kuzipiga, gitaa nalo lililia kama meza. Kijana yule alinishukuru kwa adabu, kama ilivyompasa mbele ya mwalimu wake, akaenda zake. Na jioni ile watu waliimba bila gitaa.

Ili mpate kuelewa nililolikosea, yafaa kwanza tujue sauti ya gitaa yatoka wapi. Chukueni waya mwembamba, mwuwambe kati ya misumari miwili iliyopigiliwa katika nguzo nene ya nyumba, kisha mwuguse kwa kidole. Mtasikia sauti ndogo sana, kama ya mbu aliye mbali. Halafu uwambeni waya ule ule juu ya sanduku jepesi la mbao, na chini yake wekeni kijiti, ili waya ukigandamize juu ya kifuniko. Sauti itakua mara moja, hata mtu aliye nje ya nyumba ataisikia. Waya haukubadilika. Katika nguzo ulikuwa ukijaribu kutikisa kitu kisichotikisika, na sasa umepata ubao mwembamba ukubalio kutetema pamoja nao. Waya peke yake huipenya hewa kama sindano ipenyavyo nguo. Ubao ni mpana, nao ukitetema huisukuma hewa nyingi, na hewa ndiyo iletayo sauti masikioni mwetu.

Katika gitaa, ubao huo ni ule wa uso. Mara nyingi hukatwa katika mti mwepesi wa nchi za baridi uitwao sprusi, jamaa ya msonobari, na unene wake ni yapata milimita 2 na nusu hata 3. Tazameni rula zenu za shule, ndio unene wenyewe. Juu ya uso huu hugandishwa kipande cha mti mgumu kinachozishika nyuzi, nacho mafundi hukiita daraja, kwa maana mtikisiko wa nyuzi huvukia hapo kuingia katika ubao.

Lakini daraja hilo hupitisha pia kitu kingine kisichotakiwa, nacho ni mvuto. Nyuzi sita za chuma zilizo nyembamba, zikikazwa kama ipasavyo, huvuta zote pamoja kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi. Zilizo nene kidogo hupita kilo 80. Gunia la mahindi huwa na kilo 90. Basi fikirini ubao mwembamba kama rula, umefungiwa uzito ukaribiao wa gunia, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Tena nguvu hiyo haivuti katika ubao wenyewe bali juu yake kidogo, kwa sababu nyuzi hupita juu ya kijiti cha mfupa kilichosimama darajani. Mmepata kuona watu wakivutana kwa kamba: mtu avutwaye mikono hali miguu yake imekwama, kifua chake hutangulia na visigino huinuka. Ndivyo daraja lifanyavyo. Upande wake wa mbele, ulioelekea tundu, huudidimiza uso. Upande wa nyuma huuinua. Hiyo ndiyo maradhi iliyolipata gitaa la mwanafunzi wangu.

Hapo ndipo yanapokuja mataruma. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa neno hili, kwani wamewaona waunda majahazi wakiyapanga kwa ndani ili mbao zipate kuyastahimili mawimbi. Gitaa nalo lina mataruma yake, yaani vijiti vyembamba vya sprusi vilivyogandishwa upande wa ndani wa uso, ambavyo huvioni illa kwa kuchungulia katika tundu. Lakini iko tofauti kubwa. Mwunda jahazi akizidisha nguvu, hasara yake ni chombo kilicho kizito kidogo. Fundi wa gitaa akizidisha nguvu, ameiua ile sauti aliyokuwa akiiundia chombo. Uso hauna budi kuwa na nguvu za kutosha usivunjike, na udhaifu wa kutosha utetemeke. Kazi yote ya ufundi huu iko hapo katikati, na mahali penyewe ni pembamba.

Ni pembamba jinsi gani? Ishikeni rula ubapa mkajaribu kuipinda; itapinda bila taabu. Igeuzeni isimame kwa ubavu, mjaribu tena, haipindi. Mti ni ule ule na uzito ni ule ule. Ikiwa rula ina unene wa milimita 3 na upana wa milimita 30, basi ikisimama huwa ngumu mara 100 kuliko ikilala. Hesabu yake ni hii, na wanafunzi wa madarasa ya juu na waiandike: ugumu wa kijiti katika kupinda hufuata upana wake mara moja tu, lakini hufuata kimo chake mara tatu, yaani kimo kwa kimo kwa kimo. Ukiuzidisha upana wa taruma mara mbili, ugumu huzidi mara mbili. Ukikizidisha kimo mara mbili, ugumu huzidi mara nane. Taruma lenye kimo cha milimita 15 likirandwa hata likabaki na milimita 12, limepoteza sehemu moja katika tano ya uzito wake, lakini limepoteza karibu nusu ya ugumu wake. Kwa hiyo mtamwona fundi mwenye ujuzi akiondoa unyoya mmoja wa randa, kisha akiugonga uso kwa kidole na kusikiliza, kama mama agongavyo chungu sokoni kabla ya kukinunua. Kisha huondoa unyoya mwingine. Hana namba iwezayo kumtosheleza, kwa sababu hakuna miti miwili iliyo sawa, hata ikiwa imekatwa katika gogo moja.

Jambo hili la kwamba uso ndio wenye sauti lilidhihirishwa na Mhispania mmoja, Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka wa 1817 na kufariki mwaka wa 1892. Huyu alitengeneza magitaa ya nyuzi za matumbo ya wanyama, nayo huvuta kwa nguvu ndogo kuliko za chuma, kwa hiyo aliweza kuufanya uso kuwa mwembamba sana na kuutegemeza kwa mataruma saba madogo yaliyotanuka kama vidole vya mkono. Mwaka wa 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na ubavu wake ulikuwa wa karatasi iliyopondwa na kugandishwa, lakini uso wake ulikuwa wa mti mzuri uliofanyiwa kazi kwa uangalifu wake wote. Chombo hicho kingaliko, kimehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Mpango unaotumika zaidi katika magitaa ya nyuzi za chuma watoka kwingine. Christian Frederick Martin, seremala wa magitaa kutoka Markneukirchen katika nchi ya Ujerumani, alihamia Marekani mwaka wa 1833, na baada ya miaka michache katika New York akaenda kukaa Nazareth, katika jimbo la Pennsylvania, ambako kiwanda cha ukoo wake kingali kikifanya kazi. Tangu miaka ya 1840 yeye na wahamiaji wenzake walianza kutumia mataruma mawili marefu yanayokatizana kama herufi X, kati ya tundu na daraja, na miguu yake miwili ikienda huku na huku chini ya daraja. Wakati ule nyuzi zilikuwa bado za matumbo. Hata katika miaka ya 1920 watu walipotaka nyuzi za chuma, zenye sauti kubwa ya kusikika penye ngoma na dansi, ikaonekana ya kuwa ule mpango wa X ndio uwezao kuubeba mvuto mpya. Mafundi wa Nazareth hawakuyaacha mataruma yawe na kimo kimoja toka mwanzo hata mwisho. Waliyachimba kwa patasi, yakawa na bonde na kilima, ili uso ushikwe panapohitaji kushikwa na kulegezwa panapotakiwa kutetema.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana ni kosa langu mimi lililofanywa na watu wenye ujuzi mwingi kuliko wangu. Wapigaji walizidi kufunga nyuzi nene, na magitaa yakarudi kiwandani yamevimba nyuso. Basi mwaka wa 1944 kiwanda kiliacha kuyachimba mataruma, kikayaacha yamejaa. Magitaa yakawa na nguvu, lakini wenye masikio walisema yamepoteza sauti zake za chini. Mwaka wa 1968 wakaenda mbele zaidi: kile kibao cha chini ya daraja, kilichokuwa kidogo na cha mti mweupe mgumu uitwao mepo, kikabadilishwa kwa kibao kikubwa cha mti mzito ulio wa jamii moja na mpingo wetu. Nia ilikuwa njema, ni kuuponya uso maradhi ya kuvimba. Haukupita muda mrefu wanunuzi wakaanza kuyatafuta magitaa ya zamani kwa bei kubwa, na mwaka wa 1976 kiwanda kilitoa tena gitaa la mataruma yaliyochimbwa na kibao kidogo cha mepo. Mwaka wa 1988 kibao kile kidogo kilirudishwa katika magitaa yao ya kawaida.

Labda mtaniuliza, kibao hicho kina kazi gani hata kiwe na maneno mengi hivi? Mwisho wa kila uzi wa chuma una kifundo kidogo cha shaba. Uzi huingizwa katika tundu la daraja, ukapita katika uso, na kile kifundo hukamata kwa chini. Mti wa uso ni mwororo. Kifundo cha shaba kingeutafuna kwa majuma machache na kutokea juu. Kibao kigumu huwekwa hapo ili kifundo kiwe na mahali pa kukaa. Hukaa katika pembe ya ile X, kati ya miguu yake miwili, na nyuzinyuzi za mti wake hazilazwi sambamba na zile za uso, ili mbao mbili zisije zikapasuka kwa kufuata mstari mmoja. Kazi yake ya pili ni kusaidia daraja lisipinduke.

Kwa kazi ya kwanza, unene wa milimita 2 na nusu hivi watosha kabisa kwa mti mgumu. Ni hiyo kazi ya pili iwatiayo watu tamaa ya kuongeza. Lakini angalieni mahali penyewe: ni pale pale mtikisiko wa nyuzi unapoingia katika ubao, na karibu na katikati ya sehemu itetemayo kuliko zote. Kibao kikiongezwa kutoka milimita 2 na nusu hata 5, uzito wake huzidi mara mbili na ugumu wake peke yake huzidi mara nane. Ni sawa na kumfunga mcheza ngoma jiwe kiunoni. Nami niliweka milimita 6, na vijiti viwili juu ya hayo! Zaidi ya hayo, uso ukigandishwa kitu kigumu katikati, nguvu ya kupinda haipotei. Huhamia ukingoni mwa kile kibao, na hapo ubao mwembamba waweza kupata ufa.

Msidhani haya ni mambo ya Wamarekani tu. Mwaka wa 1952 Bwana Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco huko Jadotville katika Kongo, mji uitwao sasa Likasi, akipiga gitaa kavu kwa vidole, na umaarufu wake ukaenea hata Afrika Mashariki. Mpigaji wa namna ile hana bendi nyuma yake wala kipaza sauti. Sauti ya chini na ya juu zote zatoka katika ubao mmoja, na ubao ukinyamaa hana kitu cha kumsaidia.

Gitaa la mwanafunzi wangu nilimpelekea mzee mmoja seremala, fundi wa milango na makasha, ambaye hakuwa amepata kutengeneza gitaa maishani mwake. Alilishika, akaligonga mara mbili, akaniambia, "Mwalimu, umelitia kabari." Kwa siku mbili alifanya kazi kwa kupitisha mkono katika tundu, akiipasha gundi moto kwa kisu na kubandua kidogo kidogo. Vile vijiti vyangu viwili alivitupa. Kibao cha mninga alikitoa, akakata kingine cha mti ule ule, akakiranda hata milimita 2 na nusu, na kingo zake akazipunguza zikawa nyembamba zaidi. Katika kukagua aliona pia jambo ambalo mimi sikuliona: taruma moja la X lilikuwa limebanduka kwa urefu wa kidole. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Joto la mabati lilikuwa limeilegeza gundi, na uso ulibonyea kwa kukosa taruma lake. Haukuwa na haja ya nguvu mpya, ila kurudishiwa ile uliyoundwa nayo. Aliligandisha, tukafunga nyuzi nyembamba, na sauti ikarudi. Uso ulibaki na mwinuko mdogo nyuma ya daraja, nami nilipotaka kuulalamikia, mzee alicheka.

Mwinuko wa namna hiyo si dalili ya maradhi. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma huundwa nao. Linalopasa kuogopwa ni badiliko. Kwa hiyo wenye magitaa, wekeni rula ukingoni juu ya uso, nyuma ya daraja, mwandike ni milimita ngapi za nafasi ziko upande wa ubavuni, na baada ya miezi sita mpime tena. Ingizeni kioo kidogo katika tundu, mmulike kwa kurunzi, mtazame kama kila taruma limeshika toka mwanzo hata mwisho, na kama vifundo vya shaba vimekaa juu ya kibao. Mnapofunga uzi mpya, uvuteni juu huku mkikisukuma kile kigingi chake chini, mpaka msikie kifundo kimekaa. Kifundo kikisimama chini ya ncha ya kigingi hukisukuma nje, na kwa kuvutwa huko tundu la kibao huliwa kidogo kidogo.

Gitaa lisiwekwe chini ya mabati, wala ndani ya gari juani. Likihamishwa kutoka pwani kwenda bara wakati wa kiangazi, ubao hukauka na kusinyaa, uso hushuka. Likirudishwa pwani, hunywa unyevu na kuinuka. Lipeni siku kadhaa lizoee kabla ya kumwita fundi. Mkiliweka muda mrefu bila kulipiga, legezeni nyuzi kidogo. Na fundi akija na kibao kinene mkononi, mwulizeni kwanza kama amekwisha kuyatazama mataruma.